Barua ya wazi kwa Afisa Elimu wa Mkoa wa Arusha kuhusu kiwanja na alasiri za michezo

Ndugu Afisa Elimu,

Mimi ni mzazi, mkazi wa Sombetini, na binti yangu anasoma kidato cha tatu katika mojawapo ya shule kubwa za kutwa za serikali hapa jijini. Jina la shule sitalitaja, kwa kuwa sikukusudia kumshitaki mkuu wake wala walimu wake, ambao nawaheshimu kwa mzigo wanaoubeba. Nakuandikia juu ya uamuzi uliopitishwa shuleni hapo, ambao naamini haukupitishwa kwa nia mbaya, lakini utawaumiza watoto, na ambao ofisi yako ina uwezo wa kuutazama upya kabla msingi haujachimbwa.

Mwanzoni mwa muhula huu wazazi tuliitwa kikaoni tukaelezwa mambo mawili. La kwanza ni kwamba alasiri za Jumatano na Ijumaa, ambazo siku zote zilikuwa za michezo na klabu, sasa zitakuwa za vipindi vya ziada kwa vidato vyote, hadi saa kumi na moja. La pili ni kwamba madarasa mapya yatajengwa kwenye kiwanja cha mpira, kwa maelezo kuwa hakuna eneo jingine lililobaki. Tulipoulizwa kama tunaafiki, tulinyosha mikono, nami nilinyosha. Matokeo ya kidato cha nne yalikuwa yamesomwa mbele yetu muda mfupi kabla, daraja la kwanza hadi sifuri, na ilipotajwa idadi ya waliopata sifuri ukumbi mzima ulinyamaza. Mzazi aliyetoka kusikia hayo ni vigumu asimame kutetea mpira wa pete. Haya ninayoyaandika leo ndiyo niliyopaswa kuyasema siku ile.

Uhaba wa madarasa ni wa kweli, na sitaki nionekane ninaupuuza. Tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, watoto wengi ambao wangebaki nyumbani kwa kukosa ada wamepata nafasi ya sekondari, na tangu mwaka 2022 ada imefutwa hata kwa kidato cha tano na cha sita. Hilo ni jambo la kushukuru. Lakini shule ni ile ile, uzio ni ule ule, na mikondo imeongezeka hadi herufi za kuitia zinakaribia kutuchanganya sisi wazazi. Kiwango kinachotakiwa ni wanafunzi 40 kwa darasa la sekondari. Darasa la binti yangu lina watoto 83. Nilipokwenda kumwona mwalimu wake wa darasa, nilikuta wa safu ya nyuma wamebanana wanne kwenye meza mbili, migongo imeegemea ukuta, madaftari wameyaweka mapajani kwa kuwa juu ya meza hapatoshi. Mwalimu wa Hisabati, kijana mwenye bidii kabisa, aliniambia bila kuficha kwamba mwezi wa tatu ulikuwa unaisha na nusu ya darasa alikuwa bado hajalijua kwa majina.

Nakuomba ulishike hilo la majina, Ndugu Afisa Elimu, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike. Katika shule yenye watoto wengi kiasi hicho, mtoto wa kawaida, asiye wa kwanza wala wa mwisho, anaweza kumaliza miaka minne bila mtu mzima yeyote kumwita kwa jina lake. Mahali pekee ambapo binti yangu aliitwa kwa jina ni kiwanjani.

Jumatano moja, kabla ya kikao kile, nilipita shuleni saa tisa na nusu kumpelekea dawa. Mstari wa kuanzia mbio ulikuwa umechorwa kwa majivu yaliyotolewa jikoni, kwenye mafiga ya makande ya mchana. Wasichana kumi na moja walisimama pale, wengi peku; binti yangu ana raba, lakini alikuwa amezipanga pembeni juu ya begi ili zisichakae. Mwalimu wa michezo, ambaye kwa ajira yake ni mwalimu wa Jiografia na hakuna anayemlipa kwa saa zile, alishika simu mkono mmoja kupima muda na kaunta buku mkono wa pili. Walikimbia mizunguko miwili ya kiwanja. Kila aliyefika alisomewa muda wake, kisha akasomewa na ule wa wiki iliyopita, kwa kuwa yote miwili ilikuwa imeandikwa mle. Alipofika binti yangu, mwalimu alimwambia, "Umepunguza sekunde nne, lakini kipindi cha kwanza leo hukuwepo, kesho nataka kukuona darasani saa moja na nusu." Kesho yake binti yangu aliondoka nyumbani kabla sijaamka.

Yule mwalimu ana sharti moja tu: asiyeingia darasani haingii kiwanjani. Naomba sharti hilo lipimwe pamoja na vipindi vya ziada tunavyoahidiwa. Wewe unajua kuliko mimi kwamba ugonjwa mkubwa wa shule za kutwa mjini ni utoro. Mtoto anaaga nyumbani amevaa sare, anapanda kifodi, na siku inaishia stendi au kwenye meza za pool, wakati mzazi yuko sokoni akiamini mwanawe yuko kwenye Baiolojia. Wapo wavulana wa mtaani kwangu ambao kitu pekee kilichowafanya waende shule ni namba waliyopewa kwenye timu. Kuwaondolea timu ili tuwaongezee vipindi ni kuwaongezea kitu ambacho tayari walikuwa wanakikimbia.

Na vipindi vyenyewe vitakuwaje? Watoto ni wale wale 83, chumba ni kile kile, na mwalimu ni yule yule aliyekwisha kusimama tangu asubuhi. Mtoto anayefeli Hisabati anahitaji kukaa na mwalimu akiwa miongoni mwa watoto kumi na tano, aonyeshwe alipokosea. Hilo linawezekana Jumatatu, Jumanne na Alhamisi, kwa wale ambao mitihani ya ndani imeonyesha wamebaki nyuma, bila kuwafungia wote kila alasiri. Kuna pia suala la usafiri, ambalo wasichana ndio wanaolijua zaidi: wanaotoka saa kumi na moja wanakutana na wafanyakazi vituoni, makonda wanawaruka kwa sababu ya nauli yao ndogo, na wengine wanafika Muriet na Olasiti giza limeshaingia.

Mkoa huu si wa kubahatisha katika riadha. Filbert Bayi ni mtoto wa Karatu. Tarehe 2 Februari 1974, kule Christchurch, New Zealand, aliongoza mbio za mita 1500 tangu mwanzo hadi mwisho akatumia dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia iliyodumu zaidi ya miaka mitano. Medali mbili pekee za Olimpiki ambazo nchi yetu inazo, ya Bayi na ya Suleiman Nyambui, zote za fedha, zilipatikana Moscow mwaka 1980 kwa miguu ya wakimbiaji. Magdalena Shauri alishika nafasi ya tatu katika marathoni ya Berlin mwaka 2023. Septemba 2025 Alphonce Simbu alitwaa medali ya dhahabu ya marathoni ya dunia jijini Tokyo, akilingana muda na Mjerumani hadi ikabidi picha ya mstarini iamue. Binti yangu anayo picha hiyo kwenye jalada la daftari lake la Historia. Sidai kwamba atafika huko. Ninachosema ni kwamba kila mkimbiaji alianza kwenye ardhi fulani iliyokuwa tupu, mbele ya mtu mzima fulani aliyekuwa anamtazama.

Nashangaa zaidi ninapoona kwamba uamuzi huu unakwenda kinyume na mtaala wenyewe. Mtaala ulioanza kutekelezwa Januari 2024 umeleta mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya stadi za kazi, katika sekondari, na michezo ni miongoni mwa fani zake. Jiji letu linajengewa uwanja mkubwa kwa ajili ya AFCON ya 2027, na wazazi tunaambiwa, kwa haki kabisa, kwamba ni fursa kwa vijana wetu. Wakati huo huo, kiwanja ambacho vijana hao wangeanzia kimeshushiwa malori mawili ya kokoto golini. Shule binafsi za hapa mjini hazijafuta michezo ili zifaulishe. Zinaweka picha za viwanja vyao kwenye matangazo ili zipate watoto. Tukiendelea hivi, kukimbia kutakuwa ni kwa wenye ada.

Ninachoomba ni kidogo. Kwanza, ofisi yako itume mtaalamu wa majengo aangalie upande wa magharibi wa shule, yalipo madarasa ya zamani yenye paa la asbestosi ambayo hayatumiki, na aone kama hapo hapawezi kuinuliwa ghorofa, kama inavyofanyika mahali pengine ambako ardhi ni finyu. Pili, Jumatano na Ijumaa zirudi kuwa za michezo na klabu, mdahalo na skauti wakiwemo, kwa sababu si kila mtoto ni wa kukimbia. Tatu, mwalimu anayesimamia michezo apunguziwe vipindi, hata viwili kwa wiki, ili kazi ile ihesabike kuwa kazi. Sisi wazazi tuko tayari kufanya msaragambo wa kusogeza kokoto. Nimekwishazungumza na wenzangu wa mtaani, na waliokubali wanatosha kuimaliza kazi hiyo Jumamosi moja.

Kama nafasi itaruhusu, nakukaribisha shuleni siku ya Jumatano. Mwalimu bado anabaki na wachache wanaotoroka kipindi cha ziada, na hilo linamweka pabaya na uongozi wake. Wanakimbia kandokando ya kokoto, kwenye nusu ya kiwanja iliyobaki, mizunguko minne badala ya miwili.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mzazi wa mwanafunzi wa kidato cha tatu,
Sombetini, Arusha.