Alama 21 kati ya 32

Mpendwa Mama Zuhura,

Salamu nyingi. Habari za nyumbani, na mwenyewe Zuhura hajambo? Barua yako imefika na ripoti nimeisoma mstari kwa mstari. Umeuliza mawili: watoto wa umri wake wanafundishwa nini hasa huko shule ya kimataifa, na kwa nini aliyezoea kupata 85 sasa analetewa 7 na 4. Nianze na hilo la pili, maana ukilishika, la kwanza litakuwa jepesi.

Juu ya ripoti pameandikwa MYP. Hiyo ni programu ya miaka ya kati ya International Baccalaureate, shirika lililoanzishwa Geneva mwaka 1968. Programu yenyewe, ya watoto wa miaka 11 hadi 16, ilianza 1994. Si shule zote za kimataifa zinaifuata. Nyingine ziko kwenye mtaala wa Cambridge, wenye hatua ya 7 mpaka ya 9 na mtihani wa Checkpoint mwishoni, na huko ripoti inasomwa kwa namna nyingine kabisa. Kwa hiyo mtu akikushauri kuhusu "shule za kimataifa", muulize kwanza anazungumzia mtaala upi.

Katika MYP kila somo lina vigezo vinne, A, B, C na D, na kila kigezo kina alama 8. Jumla ni 32. Jumla hiyo hugeuzwa kuwa daraja la 1 mpaka 7: kuanzia 19 hadi 23 ni daraja la 5, 24 hadi 27 ni la 6, na 28 kwenda juu ni la 7. Sayansi ya Zuhura ina A 7, B 4, C 4, D 6. Hiyo ni 21, daraja la 5. Usiigeuze kuwa asilimia, shoga yangu; utapata kama 66 na utaumwa kichwa bure. Ile 4 haisemi kwamba amekosa nusu ya maswali. Kila ngazi ina maelezo yake ya maneno, na mwalimu hulinganisha kazi ya mtoto na maelezo hayo. Wala mwisho wa mwaka hachukui wastani. Anaangalia kazi zote na kuamua ni ngazi ipi mtoto amesimama juu yake kweli, hasa katika kazi za karibuni. Aliyeanza na 3 akamaliza na 6 anaweza kupewa 6.

Sasa soma herufi, si jumla. Kwenye sayansi, A ni kujua na kuelewa, na hapo ana 7: sayansi anaijua. B ni kupanga uchunguzi, C ni kuchambua matokeo, D ni kufikiria sayansi inaleta nini kwa watu. Tatizo lake liko B na C, na watoto wengi wanaotoka shule za kukariri huangukia hapohapo.

Chukua jaribio la jiwe lililofungwa kwenye uzi na kuachiwa libembee. Swali ni kama urefu wa uzi unabadili muda wa bembea moja, kwenda na kurudi. Kwenye B mtoto anatakiwa aandike anachobadilisha (urefu, tuseme sentimita 25, 50, 75 na 100), anachopima (muda), na anachokizuia kisibadilike (jiwe lilelile, pembe ndogo ileile ya kuliachia). Aandike pia anachotarajia na sababu yake ya kisayansi. "Nadhani uzi mrefu utachukua muda mrefu" peke yake haimfikishi mbali. Sababu ndiyo inayompandisha ngazi.

Kosa kubwa ni kupima bembea moja. Kwa uzi wa sentimita 25 bembea nzima ni kama sekunde 1, na kidole kikichelewa sekunde 0.2 kwenye saa, tayari umekosea kwa sehemu moja ya tano. Pima bembea 10 kisha ugawanye kwa 10, na kuchelewa kulekule kunabaki sekunde 0.02. Kosa la pili ni kupima uzi hadi kwenye fundo badala ya katikati ya jiwe. La tatu ni kusema "moja" wakati wa kuachia, ilhali pale ni sifuri. Ukifika kumi umehesabu bembea tisa tu.

Kisha inakuja C. Muda unatoka takriban sekunde 1.0, 1.4, 1.7 na 2.0. Mtoto huchora nukta, akachukua rula na kupitisha mstari ulionyooka katikati yake, kwa kuwa ndivyo alivyozoea. Lakini nukta zinapinda: urefu umeongezeka mara nne, muda mara mbili tu. Anayeliona hilo na kulisema anapanda. Anayeandika "jaribio lilikwenda vizuri, makosa ni ya kibinadamu" anabaki na 4 yake. Kosa gani la kibinadamu? Limesogeza matokeo upande gani? Mwalimu anangoja majibu hayo.

Hisabati nako kuna mtego wa namna hiyo, kwenye kigezo B, cha kuchunguza ruwaza. Panga vijiti vya kibiriti kuwa miraba iliyoungana kwa mstari: mmoja unataka vijiti 4, miwili 7, mitatu 10. Zuhura ataona haraka kwamba unazidisha idadi ya miraba kwa 3 na kuongeza 1, kisha ataweka kalamu chini. Hapo amefika nusu ya safari. Inabidi aijaribu kanuni kwa idadi ambayo hajaitumia, miraba 20 kwa mfano, vijiti 61, halafu aeleze kwa nini iko hivyo: kila mraba unaleta vijiti 3 vipya, na ule 1 ni wa kufunga upande wa mwanzo. Sentensi hiyo moja fupi ndiyo wengi wanaiacha.

Masomo mengine sitayachambua yote. Makundi ni 8: lugha na fasihi, lugha ya ziada, jamii (humo mna historia, jiografia na wenzao), sayansi, hisabati, sanaa, elimu ya viungo na afya, na usanifu. Usanifu huwachanganya wazazi. Mtoto analeta kisanduku kilichokwenda upande na ana alama nzuri, mwenzake kaleta kizuri kama cha dukani na ana 3. Ni kwa sababu kutengeneza ni robo tu ya alama. Robo tatu ni kuchunguza tatizo, kutoa mapendekezo kadhaa na kuchagua moja kwa sababu, na kulijaribu kwa mtumiaji kisha kusema limeshindwa wapi.

Mwambie pia asome kitenzi cha swali kabla ya swali lenyewe. "Taja" inataka jina tu. "Eleza" inataka sura ya jambo lilivyo, "fafanua" inataka na sababu zake, "tathmini" inataka uzito wa pande zote mbili na hukumu. Ukurasa mzima wa maelezo mazuri hauwezi kujibu "tathmini", na kwa watoto wanaopenda kuandika marefu hili linauma kweli.

Kuhusu Kiingereza, usimkataze Kiswahili nyumbani. Kama amelielewa wazo la mvukizo kwa Kiswahili, shuleni anatafuta neno tu; kama wazo lenyewe hana, anatafuta vyote viwili kwa mpigo.

Mradi binafsi uliosikia wazazi wakiutaja ni wa mwaka wa tano, bado uko mbali. Ni kazi ya saa kama 25, na ripoti yake isiyozidi kurasa 15. Huwaangusha wanaochagua lengo pana, mfano "kujifunza muziki", bila kuandika tangu mwanzo watajuaje kwamba wamefanikiwa, na wale wanaojaza daftari la mchakato (la kuandikia hatua za kazi kadiri inavyoendelea) lote usiku wa mwisho. Wasahihishaji huligundua hilo upesi.

Ukienda kikao cha wazazi, usiulize "mwanangu anaendeleaje?" Utajibiwa "vizuri". Chukua kazi moja iliyopata 4 kwenye kigezo B, omba maelezo ya ngazi ya 5 na 6, umwambie mwalimu akuonyeshe ni mstari upi wa Zuhura uliokosekana. Ukipewa ukurasa huo, upige picha uniletee pamoja na kazi yenyewe, nitaupitia kabla hajaanza jaribio linalofuata.

Nisalimie Baba Zuhura na watoto wote.

Rafiki yako,
Mwajuma