Mpiganaji Mfupi Aanzie Miguuni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu MMA, yaani mapigano mchanganyiko ya ngumi, mateke, mieleka na kukaba, mchezo ambao vijana wengi wa Dar es Salaam siku hizi huamka alfajiri ya Jumapili kuutazama kwenye simu. Kila mpiganaji mfupi anapopangiwa mrefu, mashabiki, na hata baadhi ya makocha wetu wa ngumi, husema dawa ni moja tu: aingie ndani kwa nguvu.

Ushauri huo unatoka kwenye ngumi, na katika MMA unaweza kumponza kijana. Bondia anayeingia ameinamisha kichwa hukutana na ngumi tu, lakini katika MMA atakutana na goti, au shingo yake itanaswa chini ya kwapa la mtu ambaye mikono yake mirefu inamrahisishia kukaba.

Mfupi aanzie miguuni. Alexander Volkanovski wa Australia, mwenye sentimita 168 hivi, alimvua Max Holloway mkanda wa uzito wa unyoya wa UFC, shirika kubwa la MMA, mwezi Desemba 2019, ingawa Holloway anamzidi kimo kwa zaidi ya sentimita 10. Hakukimbilia kichwa, bali aliupiga mateke ya chini mguu wa mbele, raundi hadi raundi, mpaka Holloway akawa anabadilisha mkao ili kuunusuru. Ngumi ya kunyoosha, ambayo ndiyo ngao ya mrefu, hupata nguvu mguu wa mbele unapokanyaga. Shavu la mguu huo likishaumia, mkono unabaki mrefu lakini hauzuii mtu. Isitoshe, teke la mfupi hufika mahali ambapo ngumi yake haifiki.

Baada ya hapo ndipo kuingia kunakuwa na maana, na anayeingia hana budi kushika. Daniel Cormier, mwanamieleka wa zamani wa Olimpiki mwenye sentimita 180, alipopambana na Alexander Gustafsson mwenye 196 mwaka 2015, alimshika kisogo kwa mkono mmoja huku mwingine ukipiga kutoka chini. Mwaka 2018 alimwangusha kwa ngumi Stipe Miocic katika raundi ya kwanza, wakati wanaachana baada ya kukumbatiana. Hata hivyo, mrefu anayejua mieleka ni mtihani mwingine, na Jon Jones alimthibitishia Cormier hilo mwaka 2015.

Kuna suala la ulingo pia. Ulingo wa ngumi una pembe nne za kumbana mtu, lakini kizimba cha pembe nane humpa mrefu nafasi ya kuteleza pembeni, hivyo anayemfuata moja kwa moja anajichosha bure. Inampasa apige hatua za ubavuni amfungie njia. Hili sioni likifundishwa sana kwenye klabu zetu, wala mieleka, na ndiyo maana bondia wetu mzuri akijaribu MMA anaweza kubwagwa mapema.

Mwisho, nina ombi kwa dawati lenu la michezo. Mnapotangaza pambano, msiandike kimo peke yake, andikeni na urefu wa mikono. Volkanovski, pamoja na ufupi wake, ana mikono mirefu kuliko Holloway, na msomaji aliyepewa kimo tu asingeweza kulijua hilo.

Msomaji wako,
Temeke, Dar es Salaam