Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Jimbo la Haut-Katanga: maji machungu ya impwa

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mwalimu wa kemia hapa Katuba, Lubumbashi. Nakuandikia juu ya maji ambayo mama zetu huyamwaga kila siku.

Mama akipika impwa, yaani nyanya chungu, huzichemsha kwanza, anamwaga maji, ndipo anatia karanga, huku bukari (ugali) inasongwa. Hajasoma kemia, lakini anachofanya ni kemia. Uchungu ule unatokana na glikoalkaloidi, sumu ambazo mimea ya jamaa ya mnavu, nyanya na viazi hujitengenezea ili wadudu wasiile. Moto wa sufuria hauzivunji. Sehemu yake huhamia kwenye maji.

Mwaka jana mama yangu mdogo aliyanywa maji hayo, kikombe asubuhi, kikombe jioni. Yake yalikuwa ya impwa ya porini, ile yenye miiba na matunda ya manjano. Alikuwa na uvimbe kwenye ziwa, na sauti iliyosambazwa kwa WhatsApp ilimwambia mmea huo unaua kansa, ila wakubwa wanaficha.

Kinachoniumiza ni kwamba sauti ile haikuwa uongo mtupu. Matunda yale yana glikoalkaloidi mbili, solamarijini na solasonini. Katika maabara, solamarijini imeua seli za kansa ya ini, ya mapafu na nyinginezo, kwa kuzifanya zijiue zenyewe. Hata mnavu unayo. Withaferini A, ya mmea mwingine wa jamaa hiyo unaotumika sana India, nayo imezidhuru seli za kansa maabarani. Tusipoyaeleza haya sisi, watayaeleza wenye chupa za kuuza.

Lakini seli kwenye kisahani haina tumbo, wala figo, wala watoto wanaoingoja nyumbani. Kiasi kinachoua seli ya kansa kinaweza kuua na seli zenye afya. Sumu hupungua tunda linapoiva, na mti mmoja haulingani na mwingine, kwa hiyo kikombe cha leo si kikombe cha kesho. Mama mdogo alitapika, akaharisha, akakonda, akaamini ugonjwa ndio unaotoka. Alipojieleza kwenye kituo cha afya, muuguzi alimfokea mbele za watu: “Mambo ya kishenzi!” Tangu siku ile hakumwambia mtu tena anakunywa nini. Alirudi kwenye kikombe chake kwa miezi minne. Uvimbe uliokuwa kama harage ukawa kama limau.

Ombi langu la kwanza halihitaji bajeti, Mheshimiwa. Agiza kila mgonjwa aulizwe kwa upole, “Mama, kuna dawa ya miti unayokunywa?” na jibu liandikwe kwenye fishi yake, karatasi yake ya matibabu. Munganga, daktari wa hospitali, atapangaje dawa za kansa, zenyewe kali, bila kujua kilichomo tayari mwilini?

La pili ni la fedha. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina Kitivo cha Sayansi za Dawa, na walimu wake wamechunguza miti ya nganga, waganga wa kienyeji wa hapa, kwa miaka. Wapeni uwezo wa kupima impwa ya porini: bichi na iliyoiva, ya kiangazi na ya masika. Nganga nao waitwe, wakae mezani kama wenye ujuzi.

Vinkristini, inayotibu leukemia (kansa ya damu) ya watoto hadi leo, ilipatikana kwenye ua dogo la pinki lenye asili ya Madagaska, ambalo watu hupanda mbele ya nyumba kwa uzuri wake tu. Lakini haikupatikana kwa kuchemsha ua. Gramu moja huhitaji mamia ya kilo za majani makavu, ikatengwa, ikapimwa, kipimo kikajulikana, ndipo mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikaingia hospitalini. Impwa yetu haijatembea njia hiyo, na mama mdogo alitembea badala yake.

Sasa anatibiwa. Chupa yake ya mwisho alinikabidhi mwenyewe, imejaa nusu. Nimeifunga vizuri na kuandika tarehe juu yake. Atakayetumwa kuipima atanikuta shuleni.

Mwalimu wa kemia, Katuba