Karafuu hakuchukii, mama

Mwanangu,

Ukisoma barua hii nitakuwa nimeshavuka na pantoni, niko Feri kwenye mnada wa samaki. Sasa ni saa tisa na nusu usiku. Jana ulilala unalia, ukasema Karafuu, yule mtoto wa paka niliyekuletea, anakuchukia kwa sababu alikufokea akakimbilia mvunguni mwa kitanda. Maneno yale yameninyima usingizi. Hakuchukii, mama. Anaogopa, na mimi ndiye niliyemtia hofu ile.

Fikiria siku yake ya jana. Asubuhi alikuwa nyuma ya jiko la mama lishe, amelala juu ya ndugu zake watatu. Mchana nikamtia kwenye boksi. Boksi likapanda pantoni, honi ikalia juu ya kichwa chake, watu wakasukumana, kisha bajaji na mashimo yote yale ya barabara yetu. Lilipofunguliwa, akakuta sote tumemwinamia na mdogo wako anapiga makofi. Hapakuwa na harufu hata moja aliyoijua, na paka huijua nyumba kwa pua kwanza. Ana miezi miwili tu na siku kadhaa. Hata wewe ungekimbilia mvunguni.

Kwa siku chache hizi, pengine wiki nzima, makao yake yawe chumba chenu peke yake, mlango umefungwa. Sebuleni na uani atafika akishazoea. Boksi usilitupe. Lilaze ubavu pembeni, ndani utandike kile kitambaa nilichokuja nacho, kina harufu ya mama yake, usikifue. Weka na fulana uliyolalia jana, harufu zenu zianze kuzoeana kabla yenu.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kwa Karafuu, leo usiiname. Usimvute mguu, usimmulike na tochi. Kaa sakafuni uegemee ukuta, usome kitabu chako kwa sauti ya chini. Usimkodolee macho, maana kwa paka huko ni kutishwa. Atatoka mwenyewe. Atanusa kidole chako cha mguu, atakimbia, atarudi. Akikutazama, fumba macho polepole kisha ufumbue. Paka huelewa kwamba hakuna ugomvi. Na siku atakapokusugulia shavu mguuni, tulia hivyo hivyo. Mashavuni ndiko ilipo harufu yake, atakuwa anakupaka uwe wa kwao.

Mdogo wako umweleze vizuri, usimgombeze. Naye anampenda, ila mapenzi yake yana kelele.

Maziwa ya ng'ombe usimpe, hata bibi akisema paka wote wa zamani walikunywa. Tumbo lake halisagi vizuri sukari ya maziwa, ataharisha, na kiumbe mdogo namna ile akiharisha hukaukiwa maji upesi. Mpe maji safi. Kwenye friji nimeacha vibua viwili vilivyochemshwa bila chumvi na maini ya kuku kidogo. Chambua miiba yote kwa vidole vyako, usiamini macho. Kidogo kidogo, mara nne kwa siku, kwani tumbo lake ni dogo. Wali wa mchuzi hapana: kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu damu ya paka. Besheni la mchanga mkavu liwe pembe nyingine, mbali na chakula. Kufukia anajua tayari, hahitaji mwalimu.

Sasa hili nalokuandikia sijawahi kumwambia mtu hapo nyumbani. Nilipokuwa na umri kama wako, tukiishi Tandika, nilikuwa na paka. Akapata viroboto, anajikuna mpaka manyoya yanatoka. Nikaona chupa ya dawa ya kuogeshea mifugo, nikampaka mwili mzima nikidhani namtibu. Paka hujilamba. Akaanza kutetemeka, mate yakamtoka, na kabla ya adhuhuri alikuwa amekufa mapajani mwangu. Nilimpenda sana yule paka, mama, na mkono uliomuua ni huu unaokuandikia.

Kwa hiyo dawa yoyote, ya viroboto, ya minyoo, ya chochote, haitamgusa Karafuu bila daktari wa mifugo. Vidonge vya homa tunavyomeza sisi, hata kipande, humuua paka. Dawa ya panya iliyokuwa nyuma ya friji nimeitoa jana usiku. Ile ya kupulizia mbu tusitumie chumbani humo. Jumatatu nitampeleka kwa daktari aanze dawa ya minyoo, na akifika miezi mitatu atachanjwa kichaa cha mbwa, maana paka nao hukipata. Akikukwaruza au kukung'ata kabla ya hapo, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu mwambie mama yako anipigie simu mara moja, twende hospitali. Usifiche hata kama ni alama ndogo. Hakuna atakayemfukuza Karafuu kwa ajili hiyo.

Mchana atalala sana, usishtuke. Mtoto wa paka hulala saa 18 na zaidi kwa siku. Cha kunishtua mimi ni akimaliza siku nzima bila kula. Hapo hatungoji Jumatatu.

Nilikuwa nataka kumalizia hapa, lakini nimesikia mlio mdogo chumbani kwenu, nikachungulia. Wewe umelala fofofo, mkono unaning'inia nje ya chandarua. Kibakuli cha vibua, ambacho jana hakukigusa mbele yetu, ni kitupu. Na yeye amekaa chini ya mkono wako, ananusa ncha za vidole. Sikuwasha taa. Nimerudisha mlango taratibu.

Nitarudi saa nane mchana.

Baba yako