Yah: Pedi za Gemu Zinazokata Kushoto Zenyewe

Mwanjelwa, Mbeya
13 Januari 2025

Meneja wa Mauzo,
Duka la Mashine za Gemu,
Kariakoo, Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU PEDI MBILI BANDIA ZA GEMU, ADAPTA YA UMEME WA MAREKANI, NA RISITI AMBAYO SIJAPEWA

Habari za kazi. Mimi ni yule mteja wenu wa Mbeya ambaye vijana wenu wa huduma wamenibandika jina la "mzee wa kushoto". Nalijua jina hilo kwa sababu mmoja wao alinitumia kwa bahati mbaya ujumbe uliokuwa unakwenda kwa mwenzake, akaufuta, lakini nilikuwa nimeshausoma. Sina kinyongo na jina. Nina kinyongo na pedi.

Tarehe 3 Desemba niliwalipa kwa simu shilingi 470,000. Kati ya hizo, 380,000 ni za mashine ya gemu ya Wii iliyotumika pamoja na diski ya gemu la magari la Excite Truck, na 90,000 ni za pedi mbili za kuchezea, 45,000 kila moja. Kabla ya kulipa niliuliza mara mbili kama pedi ni orijino. Jibu lenu ninalo kwenye simu: "Orijino bosi, hazijaguswa." Mzigo ulipanda basi, nikaupokea stendi ya Nane Nane Jumamosi tarehe 7, mvua ikinyesha, nikaukumbatia ndani ya koti kama mtoto mchanga mpaka Mwanjelwa.

Nieleze kidogo kwa nini nilitaka gemu hili. Banda langu la gemu lina mashine tatu za mpira, na mpira kila banda unao. Mtoto akikosa bei nzuri kwangu anavuka barabara kwa jirani. Nikataka kitu ambacho jirani hana. Halafu hapa kwetu gari ni maisha. Barabara ya Zambia inapita katikati ya mji, malori yanashuka Iwambi kwenda Tunduma usiku na mchana, na nusu ya watoto wanaokuja kwangu baba yake ni dereva, au utingo, au anaziba pancha.

Gemu lenyewe sina ugomvi nalo. Lilitoka Marekani Novemba 2006 pamoja na mashine yenyewe, kwa hiyo ni la zamani, ila watoto hawakujali uzee wake. Unashika pedi kwa ulalo, mikono miwili, kama aliyeshika mpini wa bajaji. Ukilaza kushoto gari linakata kushoto, ukilaza kulia linakata kulia. Ukipanda kilima kwa kasi gari linapaa, na hapo angani ndipo utamu ulipo: unainamisha pedi mbele au nyuma kuweka pua ya gari sawasawa, na ukitua kwa matairi yote manne kwa mpigo unapewa nguvu ya ghafla kama umesukumwa mgongoni. Na kufika wa kwanza peke yake hakutoshi. Unahesabiwa nyota kwa kuruka mbali, kuteleza kwenye kona, kupenya katikati ya miti bila kugonga, hata kwa kumbamiza mwenzako. Turbo, ile ya kuongeza kasi, ukiing'ang'ania injini inachemka, ukipita kwenye maji inapoa haraka. Hilo sikuhitaji kumfundisha mtu. Kijana mmoja wa darasa la sita, baba yake anaendesha semi za mafuta, aliangalia injini inavyochemka akasema, "Hapo ni mlima Kitonga, muache apumue." Banda zima likacheka, na mimi nikajua hela yangu haikupotea.

Nilijua hivyo kwa dakika kumi hivi.

Kwanza tulidhani ni ugeni. Kila aliyeshika pedi gari lake lilikuwa linavutwa kushoto, taratibu, kama gari lenye tairi moja lisilo na upepo. Wachezaji wakajifunza kushika pedi imeinuka upande mmoja ili gari liende wima. Ukitazama kwa nyuma unaona watoto wawili wamepinda mabega kama wamebeba ndoo. Angani ndiyo ilikuwa balaa zaidi. Unainamisha pedi, gari linatulia kimya, kisha baada ya muda linakumbuka na kupiga kichwa chini. Hakuna aliyetua kwa matairi manne isipokuwa kwa bahati, na gemu hili bila kutua vizuri halina ladha.

Nikawaandikia. Jibu la kwanza: nibadilishe betri. Nikabadilisha, nne mpya, za bei. Jibu la pili lilikuwa kwamba Mbeya kuna baridi, pedi zinatakiwa zipate joto kwanza. Ndugu Meneja, mwambie huyo kijana baridi ya Mbeya inayong'ata ni ya Juni na Julai. Desemba ni mvua, na ndani ya banda langu siku ya Jumamosi kuna watu ishirini na dirisha moja. Jibu la tatu ndilo lililoniudhi: "Labda wateja wako hawajajua kuendesha."

Basi nikaazima pima maji kwa fundi mwashi jirani yangu. Nikaweka ubao mezani, nikausawazisha kwa vipande vya boksi mpaka povu likasimama katikati ya mistari miwili. Juu ya ubao nikalaza pedi, vitufe juu, hakuna aliyeishika. Nikabonyeza kitufe cha gesi kwa kidole kimoja. Gari likaanza kwenda kushoto. Likaacha njia, likaingia vichakani, likagonga mti. Nikarudia mara tano. Pedi ya pili nayo kushoto, ila yenyewe ilikuwa na mtetemo, gari linatikisika kama la mlevi. Kisha nikaazima pedi orijino kwa mama mmoja wa mtaa wa Forest ambaye wanawe walirudi nayo kutoka nje. Mashine ileile, diski ileile, ubao uleule, povu bado liko katikati. Gari lilinyoosha kama limevutwa kwa kamba. Video za majaribio yote mnazo, nilizituma tarehe 19 Desemba, tiki mbili za bluu.

Kwa hiyo mashine ni nzima na diski ni nzima. Ndani ya pedi kuna kihisi kinachopima jinsi ilivyolala ukilinganisha na uvutano wa dunia, na kihisi hicho kwenye pedi zenu kinadanganya. Fundi simu wa hapa Kabwe alizifungua kwa bisibisi ya kawaida ya nyota. Ile ya mama wa Forest bisibisi hiyo haikuingia hata kwenye skrubu moja, maana skrubu zake ni za mabawa matatu. Sihitaji kuwa mtaalamu kuona kwamba hazikuzaliwa kiwanda kimoja.

Tena zilikuja bila kamba za mkononi. Kwa gemu la kukaa kitini kamba ni pambo, lakini kwa hili mtu anarusha mikono. Siku ya Krismasi kijana alipaa kilima akainamisha pedi kwa nguvu, na kwa vile gari halisikii akaongeza nguvu, pedi ikamponyoka ikapiga ukuta shubiri moja kutoka kwenye luninga. Alama ipo. Tangu hapo nimefunga kamba za viatu. Nawakumbusha kwamba Desemba 2006, kamba za pedi za Wii zilipoonekana zinakatika, Nintendo wenyewe, watengenezaji wa Wii, walitangaza kuzibadilisha, zaidi ya milioni 3, na hawakumuuliza mtu kama anajua kucheza.

Adapta nayo. Imeandikwa wazi 120V, miguu bapa miwili, ya Marekani. Umeme wetu ni 230V. Ningeichomeka kwa kutumia kile kiplagi cha kuunganishia mlichoweka kwenye boksi, leo ningekuwa naandika barua nyingine. Aliyeniokoa ni mke wangu, ambaye husoma maandishi madogo ya kila kitu, hata ya viberiti. Nimenunua adapta nyingine kwa 25,000. Kuweka kiplagi cha kuunganishia bila hata karatasi ya onyo, hilo sijui niliiteje.

Na mliniambia linachezwa na watu wanne. Mashine inapokea pedi nne, ni kweli, lakini gemu hili ni la watu wawili, kioo kinagawanywa mara mbili basi. Hilo nimewasamehe, nami nilipaswa kuuliza zaidi.

Msemaji wenu wa mwisho alinijibu kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, na kwamba imeandikwa kwenye karatasi ya mzigo. Imeandikwa kweli, kwa herufi kubwa. Lakini Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema bidhaa iliyouzwa kwa maelezo lazima ifanane na maelezo hayo. Ninyi mlieleza "orijino". Kilichokuja si orijino. Karatasi ya mzigo haiwezi kuifuta sheria. Tena karatasi ya mzigo ndiyo pekee niliyopewa. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nimeiomba mara tatu na kila mara mashine yenu imekuwa "haina mtandao". Kwa wiki tano, Kariakoo?

Ninachotaka ni hiki. Mnitumie pedi mbili orijino zenye kamba zake, au mnirudishie 90,000. Mnirudishie na 25,000 ya adapta. Na risiti ya EFD ya 470,000, yenye tarehe ya siku niliyolipa. Pedi zenu nitazirudisha kwa basi, nauli ya mzigo juu yenu. Sidai hela ya likizo iliyopotea, ingawa likizo ndiyo hiyo imeisha, na Desemba ndiyo mwezi unaolisha banda mpaka Machi. Watoto walishajua kwamba gemu la gari ni bovu, wakavuka barabara kwa jirani kama nilivyoogopa. Wanaobaki ni wawili watatu wanaokuja kucheka gari linavyopinda.

Nawapa mpaka Ijumaa tarehe 31 Januari. Ikipita siku hiyo bila pedi wala hela, barua hii pamoja na video na zile jumbe zenu nitazipeleka Tume ya Ushindani kwa habari ya bidhaa bandia, na suala la risiti nitaliacha kwa TRA, watu wa kodi, wao wanalijua kuliko mimi. Sifurahii kufika huko. Mashine mliyoniuzia ni nzuri na bei ilikuwa ya haki, na kama mtalimaliza hili bado nataka kuagiza ya pili.

Mkituma, tumeni kwa basi la asubuhi, mfunge kwenye boksi gumu na muandike namba yangu kwa kalamu isiyofutika, kwa sababu huku mvua bado. Na msichelewe, maana fundi mwashi ameanza kuidai pima maji yake, na mimi sitaki kuirudisha kabla sijapima pedi mpya.

Wenu,
Mwenye banda la gemu, Mwanjelwa