Ua la Usambara: kabla hamjaja kuchukua majani Jumamosi

Habari za jioni wapendwa. Majani ya ua la Usambara (Saintpaulia) ya kuotesha miche mipya yapo tayari, kila mtu atapata mawili. Njoo na kopo dogo lililotobolewa chini.

Acheni kikonyo cha sentimita 3 hivi, kikateni mshazari kwa wembe safi, kisha mchomeke kwenye mchanga uliochanganywa na mboji. Funikeni na mfuko mwangavu, weka kivulini penye mwanga. Mizizi huchukua kama mwezi mmoja, na vichipukizi miezi miwili au mitatu, kwa hiyo msiling'oe kila siku kuangalia!

Wengi wetu tuliua maua yetu kwa maji mengi. Mimi pia, matatu. Porini hushikilia miamba yenye unyevu na kivuli, maji hupita tu. Basi weka kopo kwenye kisahani chenye maji nusu saa, kisha mwaga yanayobaki. Maji baridi yakidondokea jani huacha madoa. Jua kali la mchana hulibabua.

Jambo moja naomba kwa moyo wote: tusichimbe miche msituni. Tangu Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alipotuma mbegu kwao mwaka 1892, ua hili limejaa madirishani duniani kote, lakini asili yake hasa ni Usambara na maeneo machache ya Tanzania na Kenya, na misitu inapungua. Jani moja la jirani linatosha.

Atakayechelewa aniandikie, nitamwekea.