Kikao cha Jumamosi kimehamia Tandale

Ndugu wanakikundi, habari za jioni. Kikao chetu cha Jumamosi saa 4:00 asubuhi kitafanyika katika ofisi ya serikali ya mtaa, Tandale, badala ya Posta, kwa kuwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao ndio wanaozijua kaya zisizofika zahanati, hawastahili kugharimia nauli ili sisi tuwasikilize. Tutajadili jinsi Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itakavyowafikia wasio na uwezo, na maswali ambayo utafiti wetu utawauliza wakazi.

Mchango ni shilingi 5,000, umfikie mweka hazina kabla ya Alhamisi, wahudumu hawachangii. Mwenye nakala ya sheria aje nayo. Tafadhali thibitisheni mahudhurio hapa kufikia kesho saa 2:00 usiku.